Shaba Yangu, Baruti Yake

12 Agosti

Kama unasoma hapa, Nils, basi hatimaye umekuja, na umechelewa. Miaka miwili na miezi minne hujakanyaga jikoni kwangu. Seattle si mwezini. Watu wanaondoka huko alfajiri na farasi kwenye trela, jioni wako kwa jirani yetu Wendell wanakula nyama. Wewe ulituma sanduku. Krismasi nzima nilikaa dirishani nikiangalia barabara, aliyekuja ni mtu wa posta, na ndani ya sanduku mna drili ya umeme, mpya, ina nguvu kama fahali. Asante. Sikuzaa drili.

Daftari hili sitakutumia. Litakaa kwenye droo ya vijiko, anayetaka kulisoma alifuate. Mwandiko usiucheke. Baba yangu alikuwa na ng'ombe mia mbili, watoto sita, na theluji kati yetu na shule. Sikukaa darasani hata siku moja. Herufi nilifundishwa na baba yako nikiwa tayari mke wa mtu, kwa pakiti za mbegu na makopo ya baruti. Ndiyo maana neno la kwanza nililoweza kuandika baada ya jina langu ni HATARI.

Naandika kwa sababu moyo wangu hautulii na sijui sababu. Labda ni moshi. Msitu unaungua tena nyuma ya milima, jua ni jekundu kama jicho la mlevi.

Dada yako Maren amepata kibali cha kuwinda elki, yule kulungu mkubwa wa milimani, mwaka huu. Ghala la nafaka limempunguzia siku za kazi, kwa hiyo yule mnyama mmoja ndiye nyama yake mpaka majani yaote tena. Bunduki atakayobeba ni ile ya bibi yenu, na risasi tutamtengenezea sisi wazee wawili kama kawaida. Msimu unafunguliwa tarehe ishirini na tano Oktoba.

13 Agosti

Moshi. Nimefua, nguo zimenuka kama nyama ya kukausha, nimefua tena.

17 Agosti

Nimeshinda bandani. Ndoo imepinduliwa chini ya makalio, drili imebanwa kwenye jiliwa.

Hili unalijua, lakini nakukumbusha, maana mjini mtu husahau. Ganda la risasi likishapigwa hurefuka, kama mtu aliyeamka akajinyoosha. Tunalibana kwenye mashine lirudie umbo lake, kisha lazima likatwe mdomo lirudie urefu wake. Likibaki refu, hata kwa unene wa karatasi mbili, mdomo unabanwa kwenye koo la bunduki, unakikaba kichwa cha risasi, moto unakosa pa kwenda. Na moto uliokosa pa kwenda unarudi kwa mwenye bunduki.

Kazi hii tumeigawa kama kitanda, kila mtu na upande wake. Shaba ya maganda ni yangu, baruti ni yake. Mimi simgusii mizani yake, yeye haingii kwenye makopo yangu. Miaka arobaini na mmoja.

Ganda nalitia kwenye kishikio kilicho mdomoni mwa drili, nabonyeza, linazunguka kama pia. Kwa mkono wa kulia nasukuma kisu. Kisu kina msumari wake katikati, unapita ndani ya ganda, unatokea tundu la kitakoni mpaka ugote kwenye sakafu ya kishikio, na ukigota kisu hakiwezi kula zaidi. Kwa hiyo hapahitajiki msomi. Urefu unaamuliwa na msumari. Chenga za shaba zinamwagika kwenye aproni, nasugua ukingo ndani, nasugua nje, nagusisha pamba ya chuma, tayari linang'aa kama pete. Zamani kwa mkono nilikata arobaini kwa siku, vidole vikavimba kama soseji. Leo mia na ishirini, na bado nimeoka mkate. Zamani pia nikimaliza nilifungua kila kitu, nikakung'uta, nikarudisha kwenye kopo la kahawa. Sasa kishikio kinakaa humo humo mdomoni mwa drili tangu Januari. Nanyanyuka tu nakwenda kula.

Haya, hapa nimekusifia drili yako. Usizoee.

Jambo moja. Leo baba yako amelisha kuku mara mbili. Nilipomwambia, akasema kuku hawajalalamika.

25 Agosti

Maganda mia mbili ya Maren yamekwisha kukatwa. Nimempa Orrin, baba yako, trei zote.

3 Septemba

Leo ameanza kutia baruti. Nilipita na kapu la viazi nikamwona kupitia dirisha la banda. Alikuwa amesimama, kikombe cha mizani mkononi, baruti ndani, hasogei. Nikahesabu viazi kumi na vinne na bado hajasogea. Nikaingia.

Nikamuuliza kama anasali. Akasema anahesabu. Nikamuuliza anahesabu nini, akanitazama kama nimemuuliza jina la mama yake, kisha akasema, "Nilikuwa nimefika mahali, Signe, sasa umenitoa."

Jana alimwita Maren kwa jina la shangazi yenu, Borghild. Borghild tulimzika mwaka ule wa mafuriko.

Sipendi. Sipendi kabisa.

4 Septemba

Baridi ya kwanza. Nimefunika nyanya kwa mashuka yako ya utotoni, yale yenye matrekta.

8 Septemba

Amemaliza. Risasi mia moja na themanini kwenye masanduku, zote zimepangwa kama wanakwaya. Kwa macho ni nzuri. Nimezitazama mpaka chai imepoa. Ungekuwepo ungeniambia niache upuuzi, na mimi ningekuambia ufunge mdomo, na sote wawili tungejisikia nafuu.

13 Septemba

Mwandiko wa leo ni mbaya zaidi, utanisamehe.

Leo tulikwenda shimo la kokoto, Maren ajaribu bunduki kabla ya msimu. Tulikuwa wanne: Maren, baba yako, mimi, na Wendell jirani, ambaye hakualikwa ila akinusa baruti huja kama nzi. Upepo ulikuwa mdogo. Maren akalala kwenye blanketi, akapiga ya kwanza. Akasema komeo la bunduki lilikuwa gumu kidogo kufunga. Baba yako akasema ni vumbi. Ya pili, akalifunga kwa kiganja. Ya tatu ililia vingine. Sijui nikuambieje, mlio ulikuwa mkali, mfupi, kama mlango uliopigwa teke. Maren akashika shavu.

Nilikimbia. Na unajua mimi na hili goti.

Moshi wa moto ulitoka kando ya komeo, ukamchora shavuni alama nyekundu kama ya mafuta ya kukaangia. Upana wa kidole kimoja chini ya jicho. Kidole kimoja tu, Nils. Komeo likagoma kufunguka mpaka Wendell akaligonga kwa kipande cha ubao. Ganda lilipotoka, fataki ya kitakoni, ile inayowasha baruti, ilikuwa imesambaa bapa kama sarafu iliyokanyagwa na treni: nguvu imezidi.

Kila mtu akamtazama baba yako, na wa kwanza nilikuwa mimi.

"Umetia baruti kiasi gani?" nikamuuliza.

"Kiasi kile kile."

"Kile kile kipi? Umelisha kuku mara mbili. Umemwita mwanao kwa jina la maiti. Kile kile kipi, Orrin?"

Wendell akaingilia kwa mzaha, eti mama usimchome mzee mbele za watu, pengine bunduki imeamka vibaya. Nikamwambia anyamaze au nitamrudisha kwake kwa miguu. Kisha nikasema lile nililolisema. Naliandika ili lisije likajifanya halikusemwa.

"Kichwa kimekuacha. Utamuua mtoto wako na hutakumbuka kuja mazikoni."

Baba yako aliinama akaokota lile ganda, akaligeuza geuza, akalitia mfukoni. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Labda," akasema. "Labda ni mimi, Signe."

Njia nzima Maren kashikilia kitambaa chenye barafu shavuni, na mimi nilikuwa natazama huo mkono wake badala ya barabara.

14 Septemba

Nimechukua makopo yote ya baruti nikayafungia kwenye kasha la unga, funguo shingoni. Baba yako alinikuta nikibeba la mwisho. Akanifungulia mlango nipite. Bora angenitukana.

20 Septemba

Mvua.

22 Septemba

Maren ameniambia atanunua risasi za dukani. Nikamwambia sawa. Kisha akaniambia bei yake na kwamba duka la mjini limeishiwa za bunduki ile, zitaletwa Novemba, labda. Hatukutazamana. Alama ya shavuni imeanza kubambuka.

27 Septemba

Nimempeleka baba yako kwa daktari. Alimwomba achore saa. Baba yako akachora saa nzuri, duara zuri, tarakimu zote, mishale miwili. Saa ilisema saa tisa kasorobo. Daktari alikuwa amemwomba achore saa tano na dakika kumi.

Daktari akasema ni mwanzo. Akasema mwanzo unaweza kuwa mrefu. Kwenye gari nikamshika baba yako mkono, akauacha kwangu kama glavu.

5 Oktoba

Kila siku baada ya chakula cha mchana baba yako anapotea. Anakwenda kwenye ghala la majani makavu, anafunga mlango kwa ndani. Nasikia tok, tok, kimya kirefu, tok. Nikimuuliza anafanya nini anasema anatengeneza. Anatengeneza nini? Vitu. Anarudi na mikono ya shati inang'aa vumbi. Nina hofu amekuta baruti nyingine mahali. Nina hofu atafanya jambo huko ndani na nitausikia mlipuko nikiwa nimeshika sufuria.

Nimehesabu makopo kwenye kasha la unga. Yako yote. Baada ya saa moja nimehesabu tena.

9 Oktoba

Theluji, ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Siku kumi na sita zimebaki. Wendell ameleta mkate wa viazi aliotengeneza dada yake, akasimama mlangoni anazungushazungusha kofia, akaniuliza mzee anaendeleaje. Nilitaka kumjibu vibaya kama kawaida yangu. Nikamkaribisha kahawa. Akaniambia baba yake mwenyewe alianza hivyo hivyo, na kosa alilofanya yeye ni kumnyang'anya funguo za trekta mapema mno. Akanywa akaondoka. Miaka yote nilidhani mtu huyu hana kitu kichwani ila upepo.

12 Oktoba

Nils, kaa chini usome hili. Ninalolisema hapa si la kusoma umesimama.

Leo niliingia bandani peke yangu. Nilitaka ushahidi wa kumpelekea daktari, nimwonyeshe: shaba ni nzima, kwa hiyo baruti ndiyo mbaya, kwa hiyo mwandikie mume wangu asiguse tena. Yalikuwa yamebaki maganda yangu ishirini ambayo hayakutiwa kitu. Nikachukua kipimo, kile chuma bapa chenye mkato. Ganda la urefu mzuri hulala kwenye mkato kama mtoto kitandani. Refu hugoma mlangoni.

La kwanza likagoma.

Nikafuta macho kwa aproni. Nikafuta kipimo. Nikajaribu tena, likagoma. La pili, likagoma. La tano. La tisa. Nikayapima yote ishirini, na hakuna hata moja lililoingia. Refu kwa karatasi mbili, yote sawasawa, kama mtu aliyekusudia.

Nilikaa juu ya ndoo. Nikajiambia kipimo kimepinda. Kikapinda vipi, ni chuma. Nikajiambia Orrin ameyachezea. Yaani hata hapo, Nils, hata hapo bado nilikuwa namtafuta yeye. Nyani haoni kundule.

Nikakata ganda moja upya kwa drili. Kisu kikagota, chenga mbili tatu zikaanguka, nikalipima. Refu. Ndipo nikafungua kishikio mdomoni mwa drili, jambo ambalo sijalifanya tangu Januari, nikakitazama ndani kwa tochi. Chini kabisa, pale msumari unapogota, palikuwa na kitu. Nikachokoa kwa sindano ya kushonea magunia. Kikatoka kidude cha shaba, kidogo kama punje ya mtama, kigumu kama jino. Chenga za miezi kumi, zimekanyagwa na msumari ganda baada ya ganda, na ile drili yako ina nguvu, inakandamiza, inachemsha. Msumari ulikuwa unagota juu ya kidude hicho ukadhani umefika chini. Mimi nami nikadhani umefika chini. Kwa mkono isingetokea. Kwa mkono nilikuwa nakung'uta kila siku.

Nilikata ganda jingine. Likalala kwenye kipimo bila neno.

Kwa hiyo ni mimi. Moto uliomgusa Maren chini ya jicho ni wangu. Kichwa kilichoachwa ni changu. Nimemwambia mume wangu mbele ya jirani kwamba atamuua mtoto, na muuaji alikuwa amevaa aproni.

Chakula cha jioni sikukipika. Tumekula mkate wa viazi baridi. Sikuweza kumwambia. Nilifungua mdomo mara tatu, mara zote nikaomba chumvi. Mara ya tatu akanisogezea vyombo vyote viwili vya chumvi, akaendelea kula.

13 Oktoba

Baada ya chakula cha mchana nilimfuata ghalani. Mlango ulikuwa umekomewa. Nikamwambia afungue au nitauvunja kwa bega, na anajua ningefanya.

Amekaa juu ya gunia la chakula cha farasi. Mbele yake ile mashine ya zamani ya kukatia, ya kuzungusha kwa mkono, niliyoitupa kwenye sanduku la vyuma chakavu drili ilipokuja. Nyundo ya kung'olea vichwa vya risasi. Ndiyo ile tok, tok. Mitungi miwili ya jemu, mmoja wa vichwa, mmoja wa baruti aliyoimwaga. Na maganda ya Maren, ameyapanga kwenye trei la mayai, yamekatwa upya. Mikono yake inang'aa shaba mpaka kwenye viwiko.

Niliona nikajua. Nikauliza tu ili nisilie.

"Tangu lini?"

"Tangu shimo la kokoto. Lile ganda nililipima tulipofika nyumbani."

"Ukajua ni shaba."

"Nikajua."

"Na ukaniacha nikutukane mwezi mzima?"

Akapuliza chenga kwenye mashine, polepole, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake.

"Nilidhani ni macho yako. Nikasema ukijua macho yamekwisha, utaacha kazi, na ukiacha kazi utakufa. Mimi tayari naondoka, Signe. Daktari hakuniambia jipya. Nikaona lawama moja zaidi kwangu si mzigo."

"Mpumbavu wewe."

"Ndiyo."

"Punda mzee."

"Ndiyo, bibie."

Nikafungua kiganja nikamwonyesha kile kidude. Akakichukua, akakisogeza mwangani, akakigonga kwenye jino lake. Akanieleza mambo yote yalivyotokea kabla sijamweleza, hatua kwa hatua, drili, msumari, chenga. Kichwa ambacho hakijui kama amelisha kuku kilijua hilo lote kwa kutazama mara moja.

"Macho yako mazima basi," akasema.

"Macho mazima. Kilichooza ni majivuno."

Unajua, zamani alikuwa akipima kila ganda la kumi kutoka kwenye trei langu. Mwaka tuliotimiza miaka kumi ya ndoa akaacha. Alisema mkono wangu ndio kipimo. Nilitembea siku nzima kama nimevikwa taji. Kumbe alitakiwa aendelee kupima, na mimi nilitakiwa nimwambie aendelee.

Lakini sikia mwisho wake. Tulikaa pamoja tukahakiki alichofanya. Katika trei za "tayari" nilikuta tatu ambazo hakuzigusa. Risasi nzima, ndefu, na baruti ndani, zimesimama katikati ya maganda matupu. Hakuzikumbuka. Aliziangalia kama watoto wa mtu mwingine. Ni wakati huo tu ndipo alipoogopa, nami nikaishika mikono yake yote miwili na shaba yake.

Tumempigia Maren simu aje.

Maren alikuja na mabuti yake ya ghalani. Tukamweleza, mmoja akianza mwingine akimalizia, kila mmoja akijitwika kosa la mwenzake kama watu wanaogombea kulipa kahawa. Akatusikiliza mpaka mwisho. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Ninayeweka shavu kwenye bunduki hiyo ni mimi," akasema. "Nyinyi wawili mnastahiana, halafu jicho ni langu."

Akatoka nje, akasimama kwenye theluji muda mrefu bila koti. Aliporudi akavuta gunia, akakaa, akaomba kipimo.

16 Oktoba

Nimefungua kasha la unga. Maren ndiye mwamuzi sasa. Mimi nakata, yeye anapima kila moja, kila moja, mbele yangu. Kila baada ya kumi nafungua kishikio nakigonga mezani. Orrin anapima baruti kwa sauti, Maren anaisoma mizani kwa sauti, wasipopatana inamwagwa. Leo imemwagwa mara mbili. Mara moja kosa lilikuwa la Maren.

Leo Orrin amemwita Maren Borghild tena. Maren akasema, "Borghild angekuwa ameshatia kahawa," akaenda akaitia.

18 Oktoba

Risasi hamsini. Zinatosha. Tumerudi shimo la kokoto, Wendell pia, safari hii nimemwalika mwenyewe. Nilisimama nyuma ya Maren, ngumi mdomoni. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu mpaka ya sita. Komeo lilifunguka kwa vidole viwili. Nilimwambia Wendell, mbele ya Orrin, kwamba siku ile aliyekosea ni mimi. Wendell akasema alidhani dunia ingeisha kabla ya kunisikia nikisema hivyo, na alikuwa na haki ya kusema.

21 Oktoba

Nimeota ile ya tatu. Nimeamka nikapima tena risasi zote arobaini na nne zilizobaki. Nzuri.

23 Oktoba

Nimezipima tena. Orrin kanikuta. Hakucheka, alivuta kiti akanishikia taa.

25 Oktoba

Maren aliondoka na gari lake kabla ya jua. Upande wa kaskazini wa mlima, kwenye ule mteremko wa misonobari iliyoungua. Redio ya mji wa Great Falls ilisema upepo, ikapatia.

Saa tatu asubuhi tulisikia mlio mmoja. Mmoja tu, kutoka upande wake. Orrin alikuwa uani na shoka, akalishusha. Tulingoja wa pili. Mtu akipiga mara mbili unajua yuko hai. Mtu akipiga mara moja unajua ama amepata mnyama ama sijui. Hapakuwa na wa pili.

Niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilikoroga unga nikasahau hamira. Saa tano. Saa sita. Orrin alikwenda kusimama kwenye uzio bila glavu, nikampelekea, nikamkuta anasema namba chini kwa chini. Ni kipimo cha baruti, kile kile, anakirudia kama mtu anayepita nyumba moja akipapasa kila mlango. Nikamuuliza kama ni namba ile ile. Akasema ndiyo. Nikamwambia aiseme tena. Akaisema. Tukaisema wote wawili pale uziani, theluji inatupiga, mimi ambaye sikuwahi kuruhusiwa kuijua.

Saa nane na nusu gari likatokea kwenye kona. Lilikuja polepole mno, moyo wangu ukaniambia mengine. Kumbe lilikuwa zito.

Maren akashuka, damu mpaka mabegani, si yake. Nilimshika kidevu nikamgeuza uso kwenye mwanga, huku, na huku. Shavu zima. Akaniacha nimchunguze kama ng'ombe wa mnadani, kisha akasema, "Mama, nina njaa." Jike kubwa, risasi moja, alisema hatua mia na sitini. Baba yako akatia mkono mfukoni mwa koti la Maren, akatoa ganda tupu, akalipeleka mwangani, akatazama kitako. Fataki ya duara, laini. Akanipa mimi. Nikaingia ndani nikalipima.

28 Oktoba

Tumekatakata nyama siku mbili, mikono inaniuma vizuri. Kwenye jokofu kuna mfuko wenye jina lako. Sasa sikiliza. Umekula, umesoma, utaondoka, najua. Ukirudi, uje kabla Septemba haijaisha, na uje kukaa wiki. Maren anastahili kupumzika, na kwenye mizani panatakiwa mtu. Utakaa kushoto kwa baba yako, sikio lake la kulia limekufa kwa milio. Yeye atataja namba, wewe utatazama sindano. Usimwambie "sawa, Baba" mpaka uione imetulia. Na kama haikutulia pale aliposema, mwambie hapana, kwa sauti, usoni mwake, hata akikutazama kwa macho yale. Kisha mpe muda amwage, aanze upya.